Kinundu cha shingo kina sura, tuisome

Shikamooni wazee, na wengine wote habari za mchana. Asanteni kwa kuacha shughuli mkapanda mpaka hapa Moshi na hii mvua.

Leo naongelea tezi ya shingo, thairoidi, hii iko hapa mbele chini ya koo, sio tezi dume, watu wengi wanachanganya. Huku kwetu milimani rovu, ule uvimbe wa tezi hii, tunalijua tangu enzi za bibi zetu, ndo maana tukaambiwa tupikie chumvi yenye madini joto. Ila ninayemuongelea hapa ni yule anayepapasa shingo akakuta kidude kimoja kigumu, usiku halali, anawaza kansa tu.

Vinundu vingi sana sio kansa. Swali ni kipi cha kuchoma sindano kuchukua sampo na kipi cha kuacha, na hapo ndo altrasaundi inasaidia. Mwaka 2017 chama cha wataalamu wa picha Marekani, ACR, walitoa utaratibu unaitwa TI-RADS, unaangalia vitu vitano af unajumlisha pointi, jumla inakupa daraja, TR1 mpaka TR5, kadiri daraja linavyopanda ndo wasiwasi wa kansa unapanda.

Kwanza ndani kuna nini. Maji matupu ni 0, kikiwa na vitobo vitobo kama ndani ya kitumbua nacho ni 0, nyama tupu ni 2. Pili weusi wake kwenye skrini, kadiri kinavyokuwa cheusi kuliko tezi yenyewe pointi zinapanda, kikiwa cheusi kuliko hata misuli ya shingo ni 3. Kingo zake nazo, zikiwa na meno meno ni 2, kikishatoka nje ya tezi ni 3.

Sasa umbo, hapa naomba mnisikilize vizuri. Chukua yai uliweke mezani, litalala, na vinundu vingi vimelala hivyo hivyo. Ukikuta kimesimama, yaani kwenye picha inayoonyesha shingo kama imekatwa kiupana, kimo kinazidi upana, hicho ni pointi 3 papo hapo, maana kinaota kwa kupasua njia yake hakifuati tishu ilivyojipanga. Na cha tano ni vichembe vyeupe vidogo sana, kama chumvi laini imemwagika kwenye sufuria jeusi, navyo ni 3.

Nilishapima wamama wawili wiki moja. Wa kwanza kinundu sentimita 2, analia, lakini ni nyama yenye rangi ile ile ya tezi, kingo laini, kimelala, 2 na 1 ni 3, hiyo ni TR3, uwezekano wa kansa kama asilimia 5 au chini, na sindano mpaka kifike sentimita 2.5, kwa hiyo yeye ni kurudia kipimo tu. Wa pili sentimita 1.1, wala hajakisikia, kumbe nyama, cheusi, kimesimama, kina vichembe, 2 na 2 na 3 na 3, pointi 10, TR5, uwezekano unapita asilimia 20, na kuanzia sentimita 1 unachoma. Mwenye kinundu kikubwa akaenda nyumbani, mwenye kidogo akaenda sindano.

Ndo maana inaniuma mtu akiniletea ripoti ya kituo fulani imeandikwa "uvimbe shingoni, sentimita 2" basi. Mama yangu mzazi alipewa ya hivyo, miezi mitatu hakula vizuri.

Na msitoke hapa mkakimbilia kupimwa wote kama huna dalili. Korea Kusini walipima watu wazima kwa wingi, kufikia 2011 kansa ya thairoidi iliyogunduliwa ilikuwa mara 15 ya mwaka 1993, vifo vikabaki pale pale, watu wakakatwa tezi wakawa wa vidonge maisha yote.

Wenye ripoti mkononi bakini, tutazisoma moja moja. Mama wa kitenge cha kijani, anza wewe.