Jina la Kifunikoni Halitoshi: Kuzitambua Darubini Pana za Japani

Habari za jioni, ndugu zangu.

Hii niliyoshika ni darubini ya macho mawili ya 7x35, yaani hukuza mara 7 na lenzi zake za mbele zina kipenyo cha milimita 35, kazi ya Japani. Jina lililochapwa kifunikoni msilitegemee. Miaka ya 1950 na 1960, karakana za Tokyo, nyingi zikiwa Itabashi, ziliwatengenezea waagizaji wa Marekani, na kila mwagizaji alitia jina lake. Kwa hiyo darubini za tumbo moja ziliuzwa kwa majina chungu nzima.

Tazameni bawaba ya katikati, upande wa mbele. Mara nyingi hapo mtakuta herufi JB na tarakimu: hiyo ni alama ya kiwanda. Kibandiko cha rangi ya dhahabu chenye herufi JTII kinaonyesha kwamba ilipita ukaguzi wa Wajapani wenyewe. Ikiandikwa "Occupied Japan", ni ya kabla ukaliaji wa Japani na majeshi ya Washirika haujaisha Aprili 1952. Na kwa modeli ya Swift Audubon 8.5x44, tarakimu mbili za mwanzo za namba yake ya mfululizo hutaja mwaka wa kutengenezwa.

Lakini mimi kilichonikamata ni upana. Hapa pameandikwa futi 525 kwa yadi 1,000, yaani upana wa eneo linaloonekana umbali wa yadi 1,000. Kwa umbali huo digrii moja ni kama futi 52.5; gawanyeni kwa 52.5, mnapata digrii 10. Zidisheni kwa 7: jicho linafunguliwa kama digrii 70. Darubini ya kawaida ya 7x35 huishia karibu na 50, na humo unajiona kama unachungulia kwenye bomba. Humu, bomba linatoweka. Ndege akiruka, huhangaiki kumtafuta, bado yumo. Bushnell Rangemaster ilikuwa na digrii 10 hizo, na zipo nyingine zilizofika 11.

Upana huo unalipiwa. Prizimu, vile vioo vya ndani vinavyoisimamisha picha wima, lazima ziwe kubwa, ndiyo maana mabega yake yametanuka hivi, na lenzi za upande wa jicho huongezeka. Pembeni picha hulegea. Tena jicho lazima lisogee karibu mno na kioo, kwa hiyo mwenye miwani huona katikati tu. Mimi huivua.

Kabla ya kununua, ielekezeni kwenye taa mtazame mwakisi. Wa samawati au zambarau ni dalili ya kioo kilichopakwa magnesi floridi, mweupe, hakikupakwa. Kisha angalieni kuvu ndani. Mwisho, tazameni nguzo ya mbali kwa macho yote mawili. Nguzo ikiwa mbili, au kichwa kikianza kuuma, mitungi yake miwili, wa kushoto na wa kulia, hailandani, na fundi wa kuirekebisha si rahisi kumpata. Hilo kwangu ni zito kuliko ganda lililochubuka.

Pale dirishani nimeweka mbili. Anzeni na ya digrii 7, mhesabu madirisha ya jengo la ng'ambo yanayoingia kwa mara moja, halafu mchukue ya 10. Kamba shingoni kwanza, tafadhali.