Hiki Kina Namba Gani? Siku Zetu za Harvey

Mwenyekiti, walimu wangu, wanafunzi, na nyinyi wazee mliosogea mbele kwa sababu huko nyuma hakusikiki: asanteni kwa kunialika.

Nimeombwa nisimulie nilivyopitia kimbunga. Nianze na kitu kitakachowavunja moyo kidogo waandaaji: kimbunga chenyewe sikukiona. Ule upepo wa kwenye televisheni, miti inalala chini na mtangazaji ameshikilia kofia, haukufika mtaani kwetu. Kimbunga hicho, Harvey, kilitua pwani ya Texas, Marekani, karibu na mji wa Rockport, Ijumaa usiku, tarehe 25 Agosti 2017. Kilikuwa daraja la 4, upepo wake ukipita kilomita 200 kwa saa. Sisi tulikuwa Houston, mbali na hapo kwa zaidi ya kilomita 200. Tulilala. Asubuhi kulikuwa na majani barabarani na pipa la taka la jirani lilikuwa limeangukia upande wetu.

Mama yangu alikuwa amekuja kututembelea mwezi ule. Yeye alifuatilia kile kimbunga kama watu wanavyofuatilia mpira. Anakaa mbele ya runinga, Kiingereza hakijui sana, lakini namba anazisoma. "Kimeshuka tatu. Kimeshuka moja." Jumamosi mchana wakatangaza kwamba kimeshushwa cheo kabisa, si kimbunga tena bali dhoruba ya kitropiki. Mama akashusha pumzi. "Alhamdulillahi, kimeishiwa namba." Akainuka akaenda kuosha vyombo.

Hapo ndipo nataka tukae kidogo, maana hata mimi, na shule yangu yote, nilielewa vilevile alivyoelewa mama.

Zile namba, 1 mpaka 5, zinaitwa kipimo cha Saffir na Simpson. Zinapima kitu kimoja tu: kasi ya upepo. Ukifika kilomita 119 kwa saa unaingia daraja la kwanza, ukifika 252 uko la tano. Basi. Namba haisemi mvua itanyesha kiasi gani. Haisemi kimbunga kinakwenda haraka au kinajikokota, na hilo ndilo lililotumaliza. Kimbunga hakina injini ya kujipeleka mahali, kinasukumwa na pepo kubwa zilizokizunguka, kama jani mtoni. Harvey kilifika nchi kavu kikanaswa kati ya maeneo mawili ya mgandamizo mkubwa wa hewa, pepo za kukisukuma zikawa dhaifu, kikakwama. Hebu fikirieni gari lililokwama matopeni, gurudumu linazunguka palepale na kurusha tope. Na kwa kuwa ubavu wake mmoja ulibaki juu ya Ghuba ya Meksiko, kiliendelea kunywa maji ya vuguvugu na kuyamwaga juu yetu, siku baada ya siku. Mji wa Nederland ulipimwa mvua ya milimita 1,539. Mita moja na nusu! Idara ya hali ya hewa iliishiwa rangi kwenye ramani ya mvua, ikabidi waongeze rangi mbili mpya za zambarau.

Kwa hiyo kimbunga kilishushwa cheo, kisha ndipo kikaanza kazi.

Usiku wa Jumamosi simu zetu zililia mpaka alfajiri. Pembezoni mwa dhoruba kama ile huzaliwa tonado, vile vimbunga vyembamba vya nchi kavu, na kila tahadhari inapotolewa simu hupiga king'ora hata kama umeizima sauti. Kila ikilia tunakimbilia bafuni, chumba pekee kisicho na dirisha: mimi, mke wangu, binti yetu wa miaka sita, na mama akiwa na mkoba wake wa pasipoti kifuani. Dakika kumi, tunatoka. Inalia tena. Kufikia saa tisa usiku binti alikuwa amelala ndani ya beseni la kuogea na hakuna aliyethubutu kumwamsha.

Jumapili polisi wakatoa tangazo ambalo silisahau. Walisikia watu wanapanda darini kukimbia maji, wakasema: msipande darini kama hamna shoka. Ukipanda bila kitu cha kutobolea paa, maji yakikufuata huna pa kutokea. Nikamtafsiria mama. Akaniangalia. "Shoka letu liko wapi?" Hatukuwa na shoka. Tulikuwa na kisu cha mkate. (Kicheko.) Mnacheka, na sisi tulicheka, lakini mke wangu alikwenda kukichukua akakiweka juu ya friji.

Watu huniuliza: kwa nini hamkuondoka mapema? Swali zuri, na jibu lake ni la miaka 12 nyuma. Septemba 2005, wiki chache baada ya kimbunga Katrina kuiangamiza New Orleans, kimbunga Rita kilielekea Texas, na mamilioni ya watu wakaingia barabarani kwa mpigo. Foleni ya saa 20 na zaidi, joto kali, mafuta yamekwisha. Basi lililobeba wazee wa nyumba ya kutunzia wagonjwa liliwaka moto, wakafa 23. Kwa jumla walikufa watu kama mia moja katika kule kukimbia tu, wengi kuliko waliouawa na kimbunga chenyewe. Kila mkazi wa Houston wa umri wangu anayo hadithi ya Rita. Mwaka 2017 jiji halikutoa amri ya kuhama, na mimi kwa kweli nisingeifuata.

Jumatatu mtaa wetu ulikuwa bado mkavu ndani ya nyumba. Barabara ilijaa, ikapungua, ikajaa, ikapungua. Tulianza kuwa na kiburi. Tuliwapigia simu marafiki wa mitaa mingine walioingiliwa na maji, tukawapa pole kwa ile sauti ya mtu aliyesalimika.

Sasa, magharibi mwa Houston kuna mabwawa mawili, Addicks na Barker. Yalijengwa miaka ya 1940 baada ya mafuriko ya 1929 na 1935 kuzamisha katikati ya jiji. Ukisikia bwawa utafikiri ziwa. Haya siku nyingi za mwaka ni makavu, ndani yake kuna nyasi, njia za baiskeli na viwanja vya mpira. Nilishawahi kumpeleka binti yangu kucheza humo bila kujua kuwa nimesimama ndani ya bwawa. Kazi yake ni kushika maji ya mvua kubwa, kisha kuyaachia polepole kwenye Buffalo Bayou, kijito kinachokatiza jiji. Sisi tulikaa upande wa chini wa mabwawa hayo, kule maji yanakoachiwa. Usiku wa kuamkia Jumatatu, wasimamizi walifungua milango. Maelezo yao yalikuwa kwamba wasipofungua, maji yatazunguka ncha za kuta na kutoka yenyewe bila udhibiti. Huenda ni kweli. Walio upande wa juu wa kuta walizama kwa maji yaliyozuiwa, walio upande wa chini wakazama kwa maji yaliyofunguliwa, na mahakama zimekuwa zikilichambua jambo hilo kwa miaka. Mimi si hakimu. Ninachoweza kuwaambia ni kwamba maji yaliingia kwangu mvua ikiwa imebaki manyunyu.

Ilikuwa Jumanne usiku. Maji hayakuvunja mlango, hayakunguruma. Yalianza kwenye kona ya sebule, chini ya ukuta, doa dogo kama mtu amemwaga chai. Mke wangu akaenda na tambara. Alipolikamua na kurudi, madoa yalikuwa matatu. Tukaanza kuinua vitu: godoro juu ya meza, zulia juu ya godoro, albamu za picha juu ya zulia. Kufikia alfajiri maji yalikuwa magotini na ile meza ikaanza kuelea na kila kitu chake, ikageuka taratibu, ikamwaga.

Jumatano jua likatoka. Anga ya buluu, ndege wanalia, na sisi tumesimama ndani ya maji ya kiuno. Nje vilikuwa vikielea vitu mfano wa mikeka ya rangi ya kahawia. Nikataka kuusukuma mmoja kwa mkono, jirani akapiga kelele kutoka ng'ambo: ni sisimizi! Kuna sisimizi wekundu huko, uchungu wao ni kama moto. Mafuriko yakija wanashikana maelfu kwa maelfu, wanajifanya chelezo, malkia na mayai katikati. Mama aliwatazama kwa muda. Akasema, "Hawa wamejipanga kuliko sisi."

Tulitolewa na wanaume wawili wenye mtumbwi wa kuvulia samaki. Walikuwa wameendesha usiku kucha kutoka Louisiana. Huko wapo watu wanaojiita Cajun Navy, wenye boti zao wenyewe, walioanza kuokoa watu wakati wa Katrina. Hatukuulizwa jina wala uraia. Mmoja alimbeba mama mgongoni. Mama, ambaye hajabebwa na mwanamume tangu utotoni, alifumba macho njia nzima.

Nyumbani kwetu maji yalikaa zaidi ya siku kumi, kwa sababu mabwawa yalikuwa bado yanatoa. Hapo ndipo watu husema dhoruba imepita. Kamera zinaondoka. Tuliporudi na mabuti ya mpira, mlango haukufunguka. Mbao zilikuwa zimevimba. Tulipousukuma, kwanza ilikuja harufu. Nimejaribu miaka yote kuieleza: choo, majani yaliyooza, na kitu kitamutamu. Friji lilikuwa limelala chali katikati ya sebule, likiwa limeelea kutoka jikoni. Sakafu ya mbao ilikuwa imeinuka. Ukungu huanza ndani ya siku moja au mbili tu, sasa fikirieni siku kumi: kuta zilikuwa na madoa meusi na ya kijani mpaka darini, mithili ya ngozi ya chui.

Kuta za nyumba hizo si tofali. Ni fremu ya mbao iliyofunikwa bodi za jipsamu, na ndani yake pamba ya kioo. Jipsamu hunyonya maji kama mkate. Kwa hiyo unabomoa. Unapiga mstari juu ya alama ya maji, unakata, unang'oa bodi, unatoa pamba inayochuruzika, unang'oa misumari mmoja mmoja, kisha unawasha feni na mashine za kukausha hewa na kusubiri mbao zikauke, wiki baada ya wiki. Ukifunga mapema, ukungu unabaki ndani ya ukuta na wewe unalala nao.

Na kila kilichoguswa na maji kinatupwa. Mama hakulikubali hilo. "Hili sanduku zima! Hii sufuria ina kosa gani?" Nilimweleza kuwa maji yale yalikuwa na kinyesi, mafuta ya magari, dawa za bustani. Akanijibu kuwa sabuni iliumbwa kwa kazi hiyo. Sufuria alishinda, nikamwachia. Godoro nilishinda mimi. Nilipolitupa kando ya barabara niligeuka nikamkuta ameketi ukingoni akilitazama rundo letu, na marundo ya mtaa mzima, marefu kuliko mtu, magodoro, vinanda, midoli, shuka za harusi za watu. Ni aibu ya ajabu kuona vya ndani vya majirani zako vyote, na wao wakiona vyako. Malori ya kuchagua vyuma yalipita, wakachukua mashine yetu ya kufulia bila hata kushuka vizuri.

Baada ya maji, karatasi. Nitapita haraka maana ikizungumzwa kwa kirefu mtalala. Tulikuwa na bima ya nyumba, na mkaguzi alikuja na swali moja: maji yaliingia kutoka juu au kutoka chini? Ukisema juu, yaani upepo uliezua paa, unaweza kulipwa. Ukisema chini, hayo ni mafuriko, na bima ya kawaida haigusi mafuriko. Ipo bima ya mafuriko ya serikali, tangu 1968, lakini ina siku 30 za kusubiri. Huwezi kuinunua kimbunga kikiwa baharini. Sisi hatukuwa nayo kwa sababu ramani ilituweka nje ya eneo la "mafuriko ya miaka mia". Nami kama wengi nilidhani maana yake ni mara moja katika miaka mia. La. Maana yake ni uwezekano wa asilimia 1 kila mwaka, na ukiujumlisha kwa miaka 30 ya mkopo wa nyumba unafika kama asilimia 26. Hao ni waliomo ndani ya mstari. Sisi wa nje hatukuambiwa hata hilo. Msaada wa serikali kwa kaya ulikuwa na kikomo cha dola 33,300. Sisi hatukukikaribia, na barua ya kwanza ilitukataa kwa sababu ya sahihi iliyokosekana.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Namalizia.

Jina la Harvey limestaafishwa, halitatumika tena. Mama alirejea kwao, na Septemba 2019 akaja tena kumwona mjukuu. Wiki hiyohiyo ikaingia dhoruba iliyoitwa Imelda. Upepo wake ulikuwa dhaifu, haikufikia hata daraja la kwanza. Kwenye baadhi ya maeneo ya Texas ilimwaga zaidi ya milimita 1,000. Jioni ya kwanza mvua ilipoanza kupiga madirisha, mama alikuwa mezani. Akaniuliza, "Hiki kina namba gani?"

Nikamwambia, "Hakina namba, mama."

Akaweka kijiko chini. Alikwenda chumbani, akarudi amevaa viatu, mkoba wa pasipoti kifuani, akakaa sebuleni akiutazama ukuta pale kwenye kona. Usiku ule alilala na viatu.