Hewa haina kosa: maji ndiyo yanayopasua vyungu

Mabibi na mabwana, karibuni. Muda si mrefu mafundi wataketi kwenye magurudumu, na pale pembeni mmeshaona meza zenye mifuko ya udongo, nyaya za kukatia, sponji na ndoo za glezi, ule uji unaopakwa chombo na kugeuka kama kioo motoni. Najua macho yenu yako kule. Nivumilieni kidogo, maana kuna jambo ambalo maonyesho ya ufinyanzi hulificha bila kukusudia, na ndilo linalowakatisha tamaa wanaoanza.

Fundi atachukua donge la kilo moja, atalituliza katikati ya gurudumu, na baada ya dakika kumi bakuli limesimama. Watu hupiga makofi, na wanastahili kupiga. Kisha mmoja wao ananunua udongo, anafinyanga bakuli lake nyumbani, linapendeza, analichoma, anafungua tanuri na kukuta vigae. Akiuliza sababu anajibiwa: "Hukukanda vizuri, uliacha hewa ndani."

Nimelikataa jibu hilo mara nyingi na leo nalikataa tena. Hewa haipasui chungu. Maji ndiyo yanayokipasua.

Tupige hesabu. Hewa iliyonaswa ndani ya udongo, ikitoka joto la chumba hadi nyuzi 1000 za Selsiasi, msukumo wake hupanda mara nne na kidogo tu. Tena udongo mkavu umejaa vitundu visivyoonekana kwa macho, kwa hiyo hewa hiyo inajipenyeza ikatoka. Sasa tazameni maji. Tone la maji likichemka hutaka nafasi kubwa kuliko ile ya kwanza kwa zaidi ya mara 1,600, na hulitaka jambo hilo papo hapo, mara tu joto linapopita nyuzi 100. Ukuta ukiwa mnene, mvuke hauna pa kutokea. Unajitengenezea njia kwa kuurusha ukuta.

Mtu ataniambia: mbona kigae kilichoruka kina kishimo cha kiputo? Ni kweli, lakini viputo hukaa penye unene, na penye unene ndipo unyevu unapochelewa kutoka. Kiputo kilikuwapo tu, hakikutenda. Finyanga mpira mtupu wa udongo, uuzibe pande zote, uuache ukauke hadi ndani kabisa, uuchome polepole. Hutoka mzima, na tumbo lake lote ni hewa.

"Basi kukanda ni kazi bure?" Hapana! Kandeni, tena mara 50 hadi 100 kwa donge. Kukanda kunasawazisha unyevu, ili pasiwe na upande mgumu na upande laini. Gurudumu halisamehe donge la namna hiyo: vidole vinavuta ukuta, vinafika penye ugumu, bakuli linayumba. Kiputo nacho hukikwaza kidole na kuacha ukuta dhaifu. Kata donge katikati kwa waya, angalia nyuso mbili: zikiwa laini bila matundu wala mistari ya rangi tofauti, anza kazi. Hizo ndizo sababu za kukanda. Kuzuia mlipuko hakumo.

Turudi kwenye maji, maana hapa ndipo kazi ilipo. Udongo ulio tayari kufinyangwa una maji kati ya asilimia 20 na 25 ya uzito wake. Bakuli la kilo moja lina gramu 200 na zaidi, karibu kikombe kizima cha maji. Yote lazima yatoke kabla ya moto kushika. Watu huangalia rangi: umeng'aa weupe, umekauka. Rangi hukuonyesha uso peke yake. Weka kitako cha bakuli shavuni. Kikiwa baridi kuliko hewa ya chumba, maji bado yanatoka. Njia ya uhakika zaidi ni mizani. Pima bakuli kila siku, andika uzito. Ukikuta siku mbili mfululizo haujashuka, liko tayari kwa tanuri.

Kukauka nako kuna ustaarabu wake. Mdomo wa bakuli hukauka mbele, kitako hubaki nyuma. Udongo husinyaa unapokauka, kwa kawaida asilimia 5 hadi 8, kwa hiyo mdomo ukishasinyaa na kitako hakijaanza, vinavutana na ufa unazaliwa. Funika mdomo kwa plastiki, acha chini wazi. Bakuli likishupaa kama ngozi, lipindue, uliweke juu ya waya wenye matundu ili hewa ipite kila upande. Ukuta uwe milimita 6 hadi 8. Sanamu yenye unene wa ngumi ichimbwe ndani ibaki tupu.

Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji, nao walisema kweli. Kishikio cha kikombe hubandikwa vyote viwili vikiwa na unyevu uleule: kwaruza pande zote mbili, paka uji wa udongo, bana. Kishikio kibichi kwenye kikombe kikavu huanguka, hakuna gundi itakayokisaidia. Lakini methali hiyo ni ya kufinyanga. Ukifika kwenye tanuri, uharaka wote uuache mlangoni.

Siku ya moto, peleka joto hadi nyuzi 80 au 90, kisha simama hapo. Saa kadhaa kwa vyombo vyembamba, usiku kucha kwa vinene. Shika kioo cha kujitazamia mbele ya tundu la tanuri: kikipata ukungu, maji bado yanatoka, usipandishe. Baada ya hapo panda polepole, nyuzi 60 hadi 100 kwa saa, mpaka upite 600. Kwa nini 600, na maji yalishakwisha? Hayajaisha. Kuna maji mengine yaliyofungwa ndani ya chembe za udongo zenyewe, hayatoki kwa jua wala kwa upepo. Huanza kuachia karibu na nyuzi 350 na kumalizika karibu na 600. Katika njia hiyohiyo, kwenye 573, chembe za kwatsi, madini magumu ya mchanga yaliyomo udongoni, hutanuka ghafla, na wakati wa kupoa hurudi kusinyaa palepale. Ndiyo maana anayefungua tanuri mapema husikia mlio mkali, na bakuli lililokuwa zima linakuwa mawili.

Kwa hiyo mkienda kwenye meza za vifaa, msianze na gurudumu. Waulizeni wauzaji mambo matatu juu ya udongo: unachomwa nyuzi ngapi, unasinyaa kiasi gani, una vigae vilivyosagwa au hauna? Vigae hivyo, asilimia 10 hadi 20, hufungua njia za maji kutoka na hupunguza kusinyaa. Kazi kubwa na nene ziutake udongo wa namna hiyo. Hata ukijibiwa, jipimie. Kata kipande cha sentimita 14, chora mstari wa sentimita 10 juu yake, kausha, choma, pima tena. Kila milimita iliyopotea ni asilimia moja. Mizani ya jikoni na rula vitakufaa kuliko visu kumi vya mapambo.

Saa inanifukuza, niguse glezi kwa haraka. Glezi na udongo viwe vya joto moja. Udongo wa nyuzi 1050 ukiupeleka 1240 huinama, hata huyeyuka na kuganda kwenye rafu ya tanuri. Tumieni koni za kupimia joto, vipande vidogo vyenye namba vinavyoinama joto lake likifika, na kumbukeni kwamba namba yenye sifuri mbele huhesabiwa kinyume: 06 iko karibu na nyuzi 1000, 6 tupu iko juu ya 1200. Kitako kifutwe glezi, milimita 3 kwenda juu. Vumbi: msifagie, futeni kwa kitambaa chenye maji. Lina silika, vumbi la mawe, na silika haitoki mapafuni.

Kabla hamjasimama, itazameni ndoo hii. Nina vipande viwili vya udongo mmoja. Hiki ni kikavu kabisa, hiki kimeshupaa kama ngozi tu. Natumbukiza vyote pamoja. Kile kikavu kinatoa viputo, kinamomonyoka, baada ya dakika chache kitakuwa uji. Chenye unyevu kimekaa tu, na jioni mtakikuta hivyohivyo. Kwa hiyo mabaki yenu mkitaka kuyarudisha kuwa udongo, yakausheni kwanza ndipo myaloweke. Na mafundi wakianza, mwombeni mmoja akate bakuli lake kwa waya kutoka mdomoni hadi kitakoni, mwone unene wa pale chini.