Risasi za Kujaza kwa Mkono: Anza na Kasiba, Kisha Ununue

Assalamu alaykum, ndugu mtazamaji, na karibu. Ninarekodi maelezo haya nikiwa nyumbani Mombasa, lakini ninayezungumza naye hasa ni jamaa yetu wa Pwani aliyehamia Marekani, ambaye amemiliki bunduki kwa mujibu wa sheria za huko na sasa anataka kujaza risasi zake mwenyewe kwa ajili ya kuwinda wanyama waharibifu, kama vile kindi wa ardhini wanaotoboa mashimo malishoni na koyoti, mbwa-mwitu wadogo wa huko, wanaovamia wana-kondoo. Hapa Kenya silaha na risasi zimo chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na kutengeneza risasi nyumbani si jambo la mtu kujiamulia. Ndiyo maana juu ya meza yangu utaona kitabu, rula na michoro tu, pasipo baruti wala fataki hata moja.

Tazama mchoro wa kwanza. Risasi kamili ina sehemu nne: ganda la shaba ya manjano, fataki, yaani kiwashio kidogo cha baruti kilichopachikwa kwenye kitako cha ganda, baruti iliyomo ndani, na kichwa kinachoruka kwenda kwenye shabaha. Anayeanza hukimbilia dukani akauliza ipi ni bora katika kila moja ya hizo nne, na hapo ndipo anapopotea, kwa sababu sehemu hizo huchaguliwa pamoja, zikifuata bunduki moja mahususi. Wavuvi wetu wa Likoni hawaulizi chubwi bora ni lipi. Huuliza kwanza mkondo una nguvu kiasi gani na samaki anayetafutwa ni yupi.

Hatua ya kwanza ni kununua kitabu cha vipimo cha sasa kilichotolewa na kampuni inayotengeneza vichwa au baruti, kama Hornady, Sierra au Hodgdon. Kinunue kabla ya kitu kingine chochote. Vipimo vilivyomo vimejaribiwa na kampuni yenyewe, navyo vinataja kichwa, baruti, fataki na ganda vilivyotumika.

Hatua ya pili, na hapa ninakuomba utulie nami, ni kuijua kasiba yako, yaani mtutu wa bunduki. Ndani ya kasiba mna mifereji inayopinda, ambayo hukizungusha kichwa ili kiruke bila kuyumba, na kasi ya mpindo huo ndiyo inayoamua urefu wa kichwa unachoweza kutumia. Kwa mfano, bunduki nyingi za zamani za kaliba ya .223 Remington zina mpindo wa mzunguko mmoja kwa kila inchi 12, zinazofaa vichwa vya hadi greni 55 hivi (greni ni kipimo kidogo cha uzito), ilhali za siku hizi mara nyingi zina mzunguko mmoja kwa inchi 9 au 8, zinazoweza kutuliza vichwa virefu na vizito zaidi. Usitegemee kumbukumbu ya aliyekuuzia. Hakikisha bunduki ni tupu, toa komeo lake, kisha sukuma ndani ya kasiba mdeki, yaani fimbo ya kusafishia, wenye mpini unaozunguka, ukiwa umefungwa kitambaa kinachobana. Tia alama kwenye mdeki mahali unapoingia kasibani, tia nyingine ubavuni mwake, uvute taratibu mpaka alama ya ubavuni ikamilishe mzunguko mmoja, halafu upime kwa rula umbali uliotembea. Rudia mara tatu.

Ninasisitiza jambo hili kwa sababu mimi mwenyewe nililipuuza nilipokuwa nikiishi Wyoming. Duka moja liliniuzia vichwa vya greni 75 bila kuniuliza lolote kuhusu kasiba, nami sikujua la kuuliza. Bunduki yangu ilikuwa ya mpindo wa inchi 12, na karatasi ya shabaha ilitoboka matundu marefu kama ya funguo, maana vichwa vilikuwa vinafika vikiwa vimelala ubavu. Fedha ilipotea, na lau shabaha ile ingekuwa mnyama, ningemjeruhi vibaya bila kumuua.

Hatua ya tatu ni kichwa chenyewe. Jina .223 lisikuchanganye, kwani kipenyo cha kichwa chake ni inchi 0.224, sawa na cha kaliba ya .22-250 Remington; kaliba ya .204 Ruger, iliyotoka mwaka 2004, ina kichwa chembamba kuliko hizo mbili. Kwa wanyama wadogo chagua kichwa chepesi, cha greni 40 hadi 55, chenye gamba jembamba na ncha ya plastiki. Kichwa cha namna hiyo huvunjika vipande kinapogusa mnyama au udongo, hivyo mara nyingi mnyama hufa papo hapo na uwezekano wa kichwa kuruka tena kuelekea kwa ng'ombe au nyumba ya jirani hupungua, ingawa hauishi. Ukuta wa udongo nyuma ya shabaha bado ni lazima.

Hatua ya nne ni ganda. Nunua maganda mapya 50 ya kampuni moja na ya fungu moja, badala ya kuokota mchanganyiko uwanjani. Maganda ya kijeshi mara nyingi huwa na kuta nene, kwa hiyo nafasi ya ndani hupungua, na kiasi kilekile cha baruti huzaa shinikizo kubwa zaidi. Chungulia pia ndani ya ganda: likiwa na tundu moja katikati, fataki yake hutolewa kwa urahisi, lakini likiwa na matundu mawili madogo, liweke kando, kwa kuwa vifaa vya kawaida vya kujazia havilifai.

Hatua ya tano ni baruti. Rudi kwenye kitabu, tafuta ukurasa wa kichwa chako, uone zipi zimeorodheshwa. Baruti ya chembe za mviringo hupita vizuri kwenye kipimio, ilhali ya vijiti vifupi inahitaji subira, ingawa baadhi yake, kama Varget ya Hodgdon, imetengenezwa ili isibadilike sana kwa joto. Sisi tuliokulia katika joto la kaskazi tunaelewa uzito wa jambo hilo: risasi iliyojazwa wakati wa baridi hadi karibu na kiwango cha juu inaweza kuvuka mpaka siku ya jua kali, hasa ikikaa ndani ya kasiba iliyokwisha kupata moto. Anza na kipimo cha chini kilichoandikwa, na kamwe usiweke mikebe miwili ya baruti mezani kwa wakati mmoja.

Fataki hazina maneno mengi. .223 hutumia fataki ndogo za raifo, .22-250 hutumia kubwa. Usitie fataki za bastola, kwa maana kikombe chake ni chembamba na kinaweza kutoboka. Ziache katika trei zilimouzwa. Ukizimimina kwenye chupa, moja ikilipuka hulipua zote.

Sasa chukua daftari. Andika mpindo wa kasiba, kisha jina na greni za kichwa, kampuni ya maganda, aina ya baruti na ya fataki, pamoja na namba za mafungu zilizochapwa kwenye masanduku, maana fungu jipya la baruti hukulazimu kuanza tena chini. Linganisha kila mstari na ukurasa wa kitabu. Mstari mmoja ukitofautiana, usinunue bado. Tafuta kipimo kingine kinachotaja vitu ulivyonavyo.