Shirika lake ni lipi? Mhadhara kwa viongozi wa mashirika, Kadutu, Bukavu

Tumsifu Yezu Kristu.

Padri paroko, mama na baba viongozi wa mashirika, yaani jumuiya ndogo za Wakristu za mitaa yetu, vijana wa kwaya na wa Xaveri, chama chetu cha vijana Wakatoliki, mliobaki baada ya Misa, nawashukuru kwa kunipa neno. Niliombwa nizungumze juu ya imani na maisha ya jumuiya katika parokia ndogo kama yetu. Ni jambo pana, na mvua ya mchana tunaijua, kwa hiyo nitashika upande mmoja tu. Nitazungumza juu ya kilio: siku mtu anapofariki katika avenyu zetu, sisi watu wa shirika tunafanya nini.

Mnajua mambo yanavyokwenda. Mtu amefariki usiku. Asubuhi kijana wa nyumba ile anapanda mlima mpaka ofisi ya parokia, anaomba Misa ya mazishi, au angalau katekista aje kumwombea marehemu kabla ya kwenda makaburini. Swali la kwanza analoulizwa ni hili: shirika lake ni lipi? Anatumwa kwa kiongozi. Kiongozi anafungua daftari, anatafuta jina. Akilikuta, na michango imekamilika, kazi inakwenda haraka. Kina mama wanafika na kuni na masufuria, kwaya inaimba usiku kucha, Caritas, huduma yetu ya kusaidia maskini, inatoa kidogo ilicho nacho, msalaba unatangulia njiani. Asipolikuta, maneno yanayofuata mmeyasikia wote. "Huyu hakuwa anafika." "Huyu ana deni la mchango wa paa." Wenye msiba wanabaki wamekaa chini ya turubai, mwili uko ndani, wakingoja sisi tumalize kubishana.

Nasema wazi, nikiwa mtu wa shirika tangu ujana wangu: mazishi ya Kikristu si tuzo ya mahudhurio. Mtu amebatizwa, amekufa, anazikwa na Kanisa lake. Jambo hilo halipaswi kungoja daftari.

Sisemi haya kwa kulidharau shirika. Ninalipenda, na ninataka vijana walio hapa wajue limetoka wapi, maana wengi wanadhani ni utaratibu wa ofisi uliobuniwa ili kukusanya pesa. Mwaka wa 1961 maaskofu wa Kongo walikutana Léopoldville, Kinshasa ya leo, wakaamua kwamba parokia zetu zisiishie kwenye jengo la misheni, bali Wakristu wa mtaa mmoja wawe jumuiya hai, wasome Neno pamoja na kubebana mizigo. Angalieni tarehe. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia nzima, ulifunguliwa Oktoba 1962. Maaskofu wetu, na nchi ikiwa katika machafuko ya miaka ile ya kwanza ya uhuru, hawakungoja kuambiwa.

Uamuzi ule ulipata mtihani wake mapema. Mwaka wa 1972 utawala wa Mobutu ulipiga marufuku vyama vya vijana vya dini. Xaveri, ambayo ilizaliwa hapa hapa Bukavu mwaka wa 1952 kwa mkono wa Padri Georges Defour, nayo ikaguswa. Majina ya ubatizo yalikatazwa. Mwaka wa 1974 Noeli ikaondolewa kwenye orodha ya sikukuu za taifa, na mwishoni mwa mwaka ule shule zetu zikachukuliwa na serikali. Zilirudi kwa mapatano ya Februari 1977. Unaweza kufunga chama, unaweza kuchukua shule, lakini majirani waliokaa juu ya mikeka sebuleni wakisoma Injili ya Dominika ijayo utawafunga vipi? Imani ya wazazi wetu ilipita miaka ile ndani ya nyumba za watu.

Na hata leo. Moto unapowaka katika nyumba hizi za mbao, mnajua jinsi unavyoruka kutoka ukuta hadi ukuta, nani anafika kwanza? Mvua inapobomoa mlima na kuzika nyumba ya mtu? Kabla gari lolote halijapata njia, mama wa shirika amekwisha kufika na kitenge, na bugali, na mahali pa kulaza watoto. Nimeyaona haya hata sina haja ya kuyahesabu. Ndiyo sababu inaniuma sana kuona watu hao hao, wenye moyo ule, wamesimama mlangoni pa kilio na daftari mkononi.

Tumefikaje hapo? Nadhani kwa njia isiyo na ubaya mwanzoni. Padri mmoja hawezi kuwajua watu wote wa mlima huu. Mtu akileta mtoto abatizwe, paroko anahitaji sauti ya majirani: je, mtoto huyu atalelewa katika imani? Vijana wakitaka kufunga ndoa, majirani ndio wanaojua kama mmoja wao ana mke mwingine kule Kamituga. Kwa hiyo barua ya kiongozi wa shirika, ya kumshuhudia mtu mbele ya paroko, ina maana, nami siombi iondolewe. Shida ilianza pale barua ilipofungwa pamoja na michango. Mchango wa paa, wa kumpokea askofu, wa jubilei, wa Caritas, wa gari la padri. Kila mmoja una sababu yake. Ukiijumlisha yote juu ya nyumba inayoishi kwa kubeba mizigo sokoni Kadutu, mzigo unashinda mgongo. Na aliyeshindwa kulipa anaona haya, anaacha kuja siku moja, halafu ya pili, mwisho tunaandika kwamba ni mlegevu.

Tangu Februari 2025 hali ni ngumu zaidi, hakuna haja ya kuwafundisha. Vita vilifika mjini, mabenki yakafungwa, mishahara ikakatika, wafanyabiashara wengi wakabaki na mali isiyo na mnunuzi. Mwalimu aliyekuwa akisaidia nyumba tatu sasa anakopa makala ya kupikia kwa jirani. Tukitumia leo kipimo cha michango tulichoandika wakati wa amani, tutabaki sisi viongozi na madaftari yetu.

Halafu wako wapangaji. Angalieni nyumba zilizo chini ya barabara. Chumba kimoja, familia iliyotoka Kalehe; kingine, familia ya Mwenga; kile cha nyuma, mama wa Walungu na wajukuu. Wengine kule kwao walikuwa viongozi wa shirika, walikuwa makatekista. Walikimbia usiku, nani atamwamsha paroko amwandikie barua ya kuhama wakati risasi zinalia? Wanafika hapa, hawana karatasi, wanasali pembeni mwa kanisa, na sisi tunangoja wajitambulishe. Mimi naona kazi hiyo ni yetu. Mgeni akiingia katika avenyu, shirika limwendee, na limkute akiwa hai.

Sasa nije kwenye sheria, maana kuna mmoja ataniambia: mwalimu, hayo ni huruma tu, Kanisa lina utaratibu. Ndiyo, lina utaratibu, na umeandikwa. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1184, inataja wanaonyimwa mazishi ya kanisa, ikiwa hawakuonyesha dalili yoyote ya toba kabla ya kufa. Ni walioasi imani hadharani, wazushi na waliojitenga na Kanisa. Waliochagua mwili wao uchomwe moto kwa sababu zinazopingana na imani. Na wadhambi wa wazi wengine ambao mazishi yao yangewakwaza waamini. Basi. Na penye shaka, anaulizwa askofu au mwenye madaraka yake. Someni tena orodha hiyo taratibu. Aliyekosa mkutano wa shirika hayumo. Mwenye deni la paa hayumo. Kanuni iliyotangulia, ya 1183, inakwenda mbali zaidi: wakatekumeni, yaani wanaojiandaa kubatizwa, katika mambo ya mazishi, wahesabiwe kama waamini, na mtoto ambaye wazazi walikusudia kumbatiza akafa kabla, askofu anaweza kuruhusu azikwe kwa ibada ya Kanisa. Kanisa linamfungulia mlango hata yule ambaye maji ya ubatizo hayajamfikia, na sisi tunamfungia mbatizwa wa miaka sabini!

Juu ya pesa, kanuni ya 1181 inataka mambo mawili kuhusu mazishi: pasiwe na upendeleo kwa watu, na maskini wasinyimwe mazishi yanayowastahili. Kanuni ya 848 inasema hivyo hivyo juu ya sakramenti, kwamba mhitaji asikose msaada wa sakramenti kwa sababu ya umaskini wake. Padri paroko yuko hapa, atanisahihisha nikikosea namba.

Lakini sitaki mtoke hapa mkiwa na namba tu. Matendo ya huruma ya kimwili tuliyojifunza katekisimu ni saba. Sita yanatoka katika Mateo sura ya 25: kulisha wenye njaa, kunywesha wenye kiu, na mengine mnayoyajua. La saba, kuzika wafu, halimo katika sura ile. Limetoka kwa Tobiti, katika kitabu chenye jina lake katika Biblia. Yeye alikuwa mtu wa uhamishoni, anaishi Ninawi, mji wa wengine, chini ya mfalme anayeua watu wa taifa lake. Anasema alipoona mwili wa mmoja wa ndugu zake umetupwa nyuma ya ukuta wa mji, aliuzika. Aliuzika kwa siri, akashitakiwa kwa mfalme, ikambidi akimbie, akapoteza mali yote. Aliporudi, akazika tena, na majirani wakamcheka. Hakuna mahali alipouliza marehemu alikuwa na mwenendo gani. Alikuwa ndugu, alikuwa amekufa, yatosha.

Sisi wa Bukavu tunaijua habari hiyo kwa macho. Oktoba 29, 1996, Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa aliuawa hapa mjini, na mwili wake ulibaki barabarani mpaka kesho yake. Mji ulikuwa na hofu, askari kila pembe. Wako waliokwenda kumchukua hata hivyo, na kaburi lake liko kwenye kathedrali, tunalipita tukienda kusali. Baada yake akaja Askofu Mkuu Emmanuel Kataliko, aliyeandika kwa Noeli ya 1999 maneno ambayo wenye bunduki hawakuyavumilia. Februari 2000 wakampeleka uhamishoni Butembo. Alirudi Septemba, na Oktoba 4 mwaka ule ule akafariki Roma. Wachungaji hawa walilisemea kundi lote, waliokuwa wakifika na wasiokuwa wakifika. Siamini kwamba katika mji wao huu mama wa chumba cha kupanga anaweza kushushwa kaburini bila hata Baba Yetu, kwa sababu jina lake halimo katika daftari letu.

Mtasema: tukizika kila mtu, nani atakuja tena shirikani? Swali hili nimeliulizwa na mzee ninayemheshimu sana, na sikulipuuza. Jibu langu ni kwamba mtu anayekuja kwa kuogopa kuzikwa kama mbwa hajaja kwa Kristu. Lakini nyumba ambayo shirika lilikesha nayo usiku mzima, bila kuwadai kitu, hiyo inarudi. Siyo zote. Nyingi. Angalieni walio viongozi leo, waulizeni waliingiaje. Wengi watawaambia, shirika lilitufikia siku ya msiba.

Katika Matendo ya Mitume sura ya 6 wajane wenye kusema Kiyunani walikuwa wanasahauliwa katika mgawo wa kila siku. Mitume hawakuwaambia wajane waongeze mahudhurio. Waliiambia jumuiya ichague watu saba, wenye sifa njema, na majina tunayosoma ni ya Kiyunani yote: yaonekana walichaguliwa kutoka upande wa walionung'unika. Ningependa tufanye vivyo hivyo. Kila shirika lenye wapangaji wengi, mmoja wa wapangaji aingie katika uongozi, na Caritas ya shirika ipitie mikononi mwake pia.

Mambo mengine ninayoomba baraza la parokia liyapokee ni ya kawaida kabisa. Ofisini, kijana wa msiba akifika, aulizwe kwanza jina la marehemu na mwili uko wapi. Shirika aulizwe baadaye, ili tujue nani wa kumtuma haraka. Daftari la michango libaki nyumbani kwa mweka hazina. Lisibebwe kwenda kwenye kilio, kwa sababu yoyote. Anayedaiwa asisomwe jina mbele ya watu. Badala yake, hesabu ya pesa iliyoingia na iliyotoka ndiyo isomwe, kila mwezi, kwa sauti, ili mtu aliyetoa faranga zake za samaki ajue zimekwenda wapi. Nimeona mashirika yanayofanya hivyo. Hayana shida ya michango kama sisi.

Na kuna ugomvi. Kwa mteremko wetu huu, maji ya paa la wa juu yanaingia katika nyumba ya wa chini, na watu wawili wa shirika moja hawasalimiani mwaka mzima. Halafu mmoja anafiwa, mwenzake anakataa kwenda, na anatumia mahudhurio ya marehemu kama kisingizio. Misale, kitabu cha sala za Misa, iliyokubaliwa na Roma mwaka 1988 kwa majimbo ya nchi yetu imeweka toba na kupeana amani baada ya mahubiri, kabla ya matoleo. Tupatane kwanza, ndipo tulete sadaka. Wapatanishi wa shirika waende kwenye mfereji huo wa maji sasa, kabla ya masika, na jembe mkononi ikibidi.

Nimemaliza upande wangu. Padri paroko amenong'ona kwamba baraza litakaa Jumamosi, na suala la ofisi na daftari litakuwa la kwanza. Mama wa Caritas pale nyuma ameinua mkono tangu niliposema juu ya wapangaji. Mama, karibu mbele, chukua neno.