Kijineno Kinachofuata "Put"

Ndugu zangu, leo nataka tushughulike na kitenzi kimoja tu cha Kiingereza: "put". Sote tulifundishwa kwamba maana yake ni kuweka. Sasa ukiambiwa "put on your coat", unavaa koti. "Put out the fire", unazima moto. "Put off the meeting", mkutano unaahirishwa. "Put up with him", unamvumilia. Ile kuweka imekwenda wapi?

Kabla hujakata tamaa, jisikilize. Nimesema "kata tamaa", na hakuna aliyeniuliza kisu kiko wapi. Tunakata rufaa, tunakata shauri, tunakata kiu. Tunapiga pasi, tunapiga picha, tunapiga kura, tunapiga mbizi. Hakuna mtoto aliyekaririshwa orodha ya "piga". Alisikia "piga simu" ikisemwa huku simu inapigwa, akaichukua nzima nzima. "Put off" nayo ichukueni hivyo, kama neno moja.

Kuna jambo moja, hata hivyo, ambalo "piga" haitusaidii, na ndilo lililonitesa mimi miaka mingi. Unaweza kusema "put off the meeting", unaweza pia kusema "put the meeting off". Zote sawa. Lakini ukiuita mkutano "it", nafasi inabaki moja tu, katikati: "put it off". Mimi nilikuwa nasema "put off it", kwa sababu nilijifunza kwa orodha: neno kushoto, maana kulia. Orodha haikuonyeshi "it" inakaa wapi.

Sikio ndilo linaloonyesha. Katika "put it off" mkazo unaangukia "off". Linganisha na "look at it": hapo sauti inakaza "look", "at" inapita upesi, na "it" haiingii katikati kamwe. "Put up with it" nayo haipasuliwi, vijineno vyake viwili vinakwenda pamoja.

Kwa hiyo nawaomba, daftarini msiandike "put off" peke yake. Andikeni sentensi yenye "it" ndani yake, kisha isomeni kwa sauti, mara nyingi, mpaka ulimi uizoee. Tuanze sasa hivi, sote pamoja, tukikaza neno la mwisho. Koti: "put it on". Moto: "put it out". Mkutano?