Kipusa Kiunoni: Mhadhara juu ya Jambia na Mpini Wake

Mashekhe wetu, walimu wangu, mabibi na mabwana, assalaam alaykum, na hamjambo nyote.

Nimeombwa nizungumze juu ya silaha za mapambo, yaani silaha ambazo mtu huzivaa akienda kwenye harusi, karamu au baraza, hali anajua na wenzake wanajua kwamba hakwenda kupigana. Ningeweza kuanzia Texas, huko Marekani, ambako wapo wanaume wenye bastola ya kawaida ya kila siku na nyingine iliyowekwa kwa ajili ya karamu za nyama choma, ambayo chuma chake kimechorwa majani na maua, mpini wake ni wa pembe, na mfuko wake wa ngozi umetiwa nakshi kama mlango wa Lamu. Jenerali George Patton, aliyeongoza majeshi ya Marekani katika Vita vya Pili vya Dunia, alijulikana kwa bastola ya namna hiyo, Colt yenye mpini wa pembe za ndovu aliyoinunua mwaka 1916. Lakini sisi watu wa pwani hatuna haja ya kuvuka bahari ya mbali kiasi hicho. Bahari yetu wenyewe inatosha, kwa sababu silaha ya pambo iliyovaliwa na baba zetu, na ambayo bwana harusi wa Mombasa au Unguja bado huivaa pamoja na joho na kilemba, mara nyingi ya kuazima kwa mjomba au jirani, ni jambia, kile kisu kifupi kilichopinda.

Nawaomba leo tusiutazame sana ubavu wake wa fedha, ambao ndio unaovuta macho, bali tuutazame mpini, kwa sababu katika mpini ndimo ilimofichwa habari yetu sisi, na habari yenyewe si ya kujivunia yote.

Nianze na majina. Kiswahili kina neno jambia na kina neno hanjari, na yote mawili tumeyapata kwa Waarabu. Watu wa Yemen husema jambia, neno linalotokana na ubavu, mahali silaha hiyo inapokaa. Watu wa Oman husema khanjari. Tofauti si ya jina tu. Jambia la Yemen huvaliwa katika mkanda mpana wa ngozi uliodariziwa, na ala yake aghalabu ni ya mbao iliyofunikwa ngozi. Hanjari ya Oman ala yake imepinda kwa ghafla, karibu kama kiwiko cha mkono uliokunjwa, na sehemu ya juu ya ala hiyo imefungwa pete za fedha zinazoishikilia kwenye mkanda. Mtu anayejua hesabu ya pete anajua mengi: hanjari ya Saidi, iliyopewa jina la ukoo wa Al Busaid uliotawala Oman na Zanzibar, ina pete saba, wakati hanjari nyingi nyingine zina nne. Ipo ya Nizwa, ipo ya Batina, na ipo ya Sur, ambayo ni ndogo na nyepesi. Sur ndiyo bandari ambayo majahazi yake yalikuwa yakija kwetu kwa pepo za kaskazi na kurudi kwa pepo za kusi, kwa hiyo si ajabu kwamba mzee wa pwani ukimwonyesha hanjari ya Sur huitambua mara moja.

Oman imeiweka hanjari juu ya panga mbili zilizopishana katika bendera yake tangu mwaka 1970, na mwaka 2022 UNESCO iliuingiza ufundi wa hanjari, pamoja na desturi zinazouzunguka, katika orodha ya urithi usioshikika wa binadamu. Huko mtu huivaa siku ya harusi, siku ya Idi, siku ya taifa na katika shughuli rasmi za serikali. Wala hairuhusiwi kuchomolewa ovyo. Kuichomoa mbele ya watu bila sababu ni aibu kubwa kwa aliyeichomoa, hata kama hakumgusa mtu.

Yemen ndiko lugha ya silaha hii ilikofika mbali zaidi, na hapa nawaomba subira kidogo kwa sababu jambo hili nalipenda. Kwa desturi ya nyanda za juu, mtu wa kabila alivaa jambia lake wima, katikati ya tumbo, lakini masharifu na makadhi walivaa la kwao kwa kulilaza upande wa kulia, katika ala ya umbo jingine, hivyo kwamba mgeni alipoingia barazani alijua nani ni nani kabla hajaambiwa jina la mtu. Harusini wanaume husimama safu moja na kuyachomoa majambia yao wakicheza ngoma ya kwao iitwayo bar'a, wakiyazungusha juu ya vichwa kwa pamoja, na hapo ndipo mahali ambapo chuma kitupu ni halali na ni furaha. Na watu wawili wakigombana, kisha wakakubali kupelekwa kwa msuluhishi, humkabidhi majambia yao yakae kwake kama rehani, ishara ya kwamba wamekubali hukumu yake hata kabla hawajaisikia. Nimetafakari sana juu ya desturi hiyo. Kitu kilichofuliwa ili kitoboe mwili wa mtu kimegeuka kuwa dhamana ya neno lake, na anayekivua kiunoni mbele ya watu havunjiwi heshima kwa kukivua, bali anaiweka heshima yake yote mezani.

Kwetu pwani silaha hii iliingia ikavaa nguo za Kiswahili. Sayyid Said bin Sultan alipohamishia makao yake Unguja, karibu mwaka 1840, baraza lake lilikuja na adabu zake, na waungwana wa miji ya pwani waliokuwa na silaha zao na majoho yao wakapata kioo kipya cha kujitazamia. Ngoma ya razha ikachezwa Unguja kama inavyochezwa Oman, kwa panga zinazorushwa hewani na ngao ndogo za duara, na ngao hizo, naomba mlikumbuke hili kwa sababu nitalirudia, zilitengenezwa kwa ngozi ya kifaru. Fedha ya kupambia ilipatikana kwa njia iliyo rahisi kuliko mtu anavyodhani: reale. Sarafu ile kubwa yenye sura ya Malkia Maria Theresa wa Austria, ambayo iliendelea kupigwa chapa ya mwaka 1780 miaka mingi baada ya kufa kwake, ilikuwa na gramu 28 hivi, na zaidi ya sehemu nane kwa kumi za uzito huo ni fedha. Sonara aliziyeyusha, akazivuta ziwe nyuzi, akazisuka nyuzi hizo juu ya ala. Kwa hiyo mtu alivaa akiba yake kiunoni, na siku ya dhiki aliweza kuipeleka tena kwa sonara ikapimwa kwa mizani.

Sasa tuje kwenye mpini.

Mpini wa jambia hutengenezwa kwa mbao, kwa pembe ya nyati wa majini, kwa pembe za ndovu, kwa sandali. Lakini kwa muda mrefu ule uliotajwa kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja ukoo wa kifalme, ulikuwa wa kipusa. Vijana wa leo wakisikia kipusa hufikiria msichana mrembo, na sina ugomvi nao, kwa maana lugha ina njia zake. Ila katika vitabu vya biashara ya Unguja ya karne ya 19, kipusa ni pembe ya kifaru, na vipusa vilishuka kutoka bara pamoja na pembe za ndovu, vikapakiwa vikaenda Arabuni na Bara Hindi. Sifa ya kipusa ni kwamba si mfupa, wala si pembe yenye uwazi ndani kama ya ng'ombe. Ni nyuzi zilizobanana, za asili moja na kucha na nywele, na zikishikwashikwa na kiganja kwa miaka mingi hulainika na kung'aa hata mwanga ukapenya ukingoni mwake kwa rangi ya asali. Watu wa Yemen wana jina maalumu la mpini uliofikia hali hiyo, huuita saifani, na uzee wake ndio thamani yake, kwa sababu unathibitisha kwamba umepita viunoni mwa wazee wengi.

Lau mambo yangebaki hapo, kwamba vipusa vichache vinarithiwa kutoka kwa babu hadi kwa mjukuu, pengine nisingekuwa na mhadhara. Yaliyotokea ni kwamba ufalme wa maimamu wa Yemen Kaskazini ulipinduliwa mwaka 1962, vikafuata vita vya miaka minane, na vita vilipokwisha mwaka 1970 vijana wa nchi hiyo wakamiminika Saudi Arabia, ambako fedha za mafuta zilikuwa zikijenga miji. Wakarudi na mishahara ambayo baba zao hawakuwahi kuiona. Mpini uliokuwa wa mashekhe na makadhi sasa kijana mjenzi aliweza kuununua, na akaununua, kwa sababu ni nani anayerudi kutoka ughaibuni akakubali kuoa akiwa na mpini wa kijana maskini? Mimi siwezi kumlaumu. Nimewaona vijana wetu wakirudi kutoka Ghuba, na najua wanachokinunua kwanza.

Lakini pembe mbili za kifaru mweusi mmoja, kwa wastani, ni kilo tatu tu, na fundi akiuchonga mpini sehemu kubwa ya pembe hubaki chini kama vumbi na vipande, ambavyo navyo viliuzwa kwa wafanyabiashara wa dawa za Asia ya Mashariki. Kenya ilikadiriwa kuwa na vifaru weusi wapatao 20,000 mwaka 1970. Kabla ya miaka ishirini kupita walibaki chini ya 400. Tsavo, ambako kifaru alikuwa mnyama wa kawaida kama punda wa Lamu, palikuwa kimya. Marufuku ya uwindaji ya mwaka 1977 haikumzuia mwenye bunduki usiku, na Yemen Kaskazini ilipopiga marufuku uingizaji wa vipusa mwaka 1982, magendo yaliendelea. Mwaka 1992 Mufti Mkuu wa Yemen alitoa fatwa kwamba kumuua kifaru kwa ajili ya pembe yake ni kinyume na dini, na mafundi wa Sana'a wakaelekea zaidi kwenye pembe ya nyati wa majini kutoka India. Katika juhudi hizo za kukomesha biashara ya vipusa alikuwapo mtafiti Esmond Bradley Martin, mkazi wa Nairobi mwenye asili ya Marekani, aliyekaa vibandani mwa mafundi hao mwaka baada ya mwaka, akiuliza bei na kupima pembe. Aliuawa nyumbani kwake Nairobi Februari 2018.

Nasikia mara kwa mara watu wakiliweka deni hili lote mlangoni kwa Wayemeni, na jambo hilo linaniuma, kwa sababu kifaru hakujipeleka Sana'a. Aliyempiga risasi alikuwa wa huku. Aliyekinunua kipusa porini alikuwa wa huku. Aliyekificha katika magunia, na aliyetazama pembeni magunia yalipopita, walikuwa wa huku pia. Jambia ni urithi wetu tunaposimulia majoho ya Unguja na reale zilizosukwa. Haliwezi kugeuka kuwa la wenzetu peke yao tunapofika kwenye mpini.

Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda Muscat kwa harusi, nikafikia kwa mjomba wangu mmoja, mzaliwa wa Unguja aliyeondoka huko akiwa kijana baada ya mwaka 1964, na ambaye Kiswahili chake ni safi kuliko changu. Jioni ya kuamkia harusi alilitoa sanduku chini ya kitanda, akakunjua kitambaa cha melimeli, ndani yake mna hanjari ya babu yake. Fedha ilikuwa imeingia weusi katika mapindo ya nyuzi, na mkanda ulikuwa umekatika mahali pawili ukashonwa kwa uzi wa rangi nyingine. Hakunionyesha fedha. Alinivuta mpaka dirishani, akauinua mpini kwenye jua la magharibi, na ukingo wake ukawaka kama asali iliyomo chupani, ndani yake nyuzi nyembamba zimesimama wima, bega kwa bega.

"Unaijua hii?" akaniuliza.

"Ni kipusa, mjomba?"

"Kipusa, mwanangu. Kimetoka kwetu." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Babu alikuwa akisema huyu mnyama kwetu ni wengi kama mbuzi."

Akaikunja tena katika melimeli, akairudisha sandukuni, na sanduku akalirudisha chini ya kitanda. Kesho yake mjukuu wake, ambaye ndiye bwana harusi, alivaa hanjari mpya iliyofuliwa Nizwa, yenye pete nne na mpini wa sandali. Tulipanga safu kumpa mkono, watu mia kadhaa, na kila aliyemkumbatia alipatwa na harufu ya ule mpini kabla hajaifikia harufu ya udi.